Eldoret Ilitajwa Bungeni

Mbele ya duka la Mahamud, karibu na stesheni ya Eldoret, palikuwa na benchi refu lililong'aa kwa kukaliwa. Uhuru ulikuwa na miaka saba, wazungu wanauza mashamba na kwenda zao, na hapakukucha wala kuchwa bila habari za ardhi pale. Mahamud mwenyewe alikuwa akimimina kahawa ya tangawizi. Walubengo aliitwa Korti, kwa sababu aliwahi kushinda kutwa nzima mahakamani akingojea kesi ya shemeji yake, na tangu hapo alijua sheria zote. Aloo wa reli aliitwa Redio, maana hazimiki. Na Kimeli aliitwa Maksai. Alikuwa ameswaga ng'ombe wa jembe wa mzungu tangu ujana, katika shamba moja upande wa Chepkoilel, na ndiko alikozaliwa. Sasa mzungu ameondoka, geti lina mnyororo, na Kimeli anapanga chumba nyuma ya soko. Yeye na wenzake waliunda chama ili wauziwe shamba lile. Mheshimiwa wao akawaalika: njooni Nairobi mlione bunge, huenda siku hiyo maneno yenu yakasemwa. Jana walikwenda kwa basi la Osman, Aloo na Walubengo wakiwamo. Leo benchi zima lilitaka habari.

— Haya Maksai, Mahamud alisema. Hiyo bunge iko namna gani?

Kimeli alizungusha kikombe mkononi.

— Ni nyumba kubwa, bwana. Iko na mnara, na saa juu. Ndani wametandika zulia, ukitembea husikii mguu yako mwenyewe.

— Na Spika amevaa nywele ya kondoo! Aloo akadakia.

— Hiyo ni sheria, Walubengo akasema kwa uzito. Mkubwa bila ile nywele hawezi kunyamazisha mtu. Ndiyo wazee walisema, nyani haoni kundule.

— Sasa nyani ameingiaje hapo, Korti?

— Ameingia. Wewe fikiria tu.

Mahamud alicheka, kisha akauliza lile alilokuwa akilingoja.

— Na shamba yenu? Wamesema nini?

Kule bungeni walikuwa wamekaa juu, mahali pa wageni, askari ameweka kidole mdomoni kuwaonya wasikohoe. Chini, wakubwa walisema kwa Kiingereza, kama mvua juu ya mabati. Kimeli aliinama mbele kulifukuzia kila neno, mpaka Walubengo akamshika koti asianguke. Hakuambulia kitu. Halafu mtu mmoja mnene wa mstari wa mbele, wasiyemjua, akasema maneno marefu, na katikati yake likatoka neno moja: Eldoret. Nyumba nzima ikacheka. Mara wageni wakaambiwa muda wao umekwisha, watoke. Mheshimiwa wao aliwapungia mkono tu kutoka kule chini. Walimngoja nje hadi Osman akaanza kupiga honi, akihofia kuingia barabara za milimani gizani.

— Eldoret ilitajwa, Kimeli akasema. Nilisikia na hii masikio yangu.

— Lakini wewe Redio si unasema unajua Kiingereza? Mahamud akamgeukia Aloo.

— Najua! Lakini ile ilikuwa ya mbio. Mimi naona walikuwa wanasema juu ya reli. Wanataka kuongeza mabehewa.

— Wacha wewe, Walubengo akasema. Mtu hawezi kucheka mabehewa. Ile ilikuwa sheria mpya. Aliyezaliwa kwa shamba, shamba ni yake. Walicheka kwa furaha.

Kimeli alimtazama haraka, kama mtu aliyeitwa jina kwenye umati.

— Unasema kweli, Korti?

— Sheria haidanganyi.

— Mbona mimi nasikia wamechoka na Nairobi? Mahamud akatia lake. Joto, vumbi, watu wengi. Watahamisha bunge kuja Eldoret, kwa baridi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Ee! Aloo akaruka. Na watajenga wapi? Kwa hiyo shamba yenu! Mnara, saa, zulia mpaka kwa mto. Maksai hapa ndiye atafunga ng'ombe kuvuta kiti ya Spika!

Benchi likaangua kicheko. Kimeli naye alijaribu kucheka, lakini macho yake yalikuwa yameona mnara umesimama kwenye malisho, juu ya mahali ambapo mama yake alikuwa akianika mtama.

— Na mimi nitakaa wapi? akauliza taratibu.

Kicheko kikafifia. Mlangoni palisimama mama mmoja, Priscah, aliyehamia mjini majuzi kuuza viazi. Alikuwa akingojea kupimiwa mafuta ya taa, na alikuwa amesikia yote.

— Samahani wazee, akasema. Huyo mtu aliyetaja Eldoret, alikuwa anauliza ama anajibu?

Mahamud aliinua birika amimine, likatoa machicha matupu.

Kimeli alifumba macho. Alirudi kule juu, akamwona yule mtu mnene, mkono wake umeshika koti kifuani. Akaitafuta ile sauti.

— Alikuwa anauliza, akasema. Sauti ilipanda mwishoni.

— Una hakika, mzee? Priscah akamuuliza.

— Ilipanda.

Hakuwa na hakika. Aliaga, akashika njia ya nyumbani kwa haraka, asije mtu akamuuliza tena.

Rael, mkewe, alikuwa mlangoni akimenya viazi. Jana usiku alikuwa amelala asimsikie akirudi, na asubuhi mume wake alitoka bila kusema neno.

— Wamesema nini huko Nairobi?

— Bado wanauliza.

Kisu kilisimama mkononi mwa Rael. Alimtazama mumewe usoni.

— Basi kama wanauliza, tungoje, akasema, akamsogezea kigoda.

Waliketi pamoja wakiangalia upande wa Chepkoilel, ijapokuwa kutoka mlango ule hakukuonekana kitu ila mabati ya soko.