Wessom, Neno la Mtego

Haya, nani kati yenu atasema naongopa? Aseme sasa nikiwa bado na pumzi ya kumjibu, aseme kwamba si mimi, Jabez Garside, niliyetoroka shule kabla ya kufika hesabu za kugawanya, niliyetunga kamusi ya maneno ya kale ya Kiingereza ambayo makasisi na mawakili wa Yorkshire nzima wanaiweka mezani wageni waione. Enoch, usicheke. Tabitha, funga mlango, lakini chungulia nje kwanza, maana nyumba hii siku hizi ina masikio mengi kuliko watu.

Sikilizeni, wadogo zangu. Baba hayupo, mama hayupo, kwa hiyo mzee wa nyumba hii ni mimi, ingawa ndevu zenyewe bado zinanionea haya. Daktari anasema kifua kitapata nafuu, na simwamini, kwa sababu anapoweka sikio mgongoni kwangu macho yake yako kwenye rafu ya vitabu. Kasisi naye simwamini. Tangu lini akamletea supu ya kondoo mtu asiyeingia kanisani? Jana ananilisha kwa kijiko, mara ananiuliza kwa sauti ya asali, "Jabez, mwanangu, yale makaratasi yako umeyaweka wapi?" Nikamwambia, "Nayalalia, Baba. Nikifa, nigeuze upande." Akakohoa kunizidi mimi mgonjwa.

Basi, mali. Mashine ya kuchapia ni ya Enoch, na herufi zake zote za madini ya risasi, na asije akamwazima jirani hata nukta. Maneno ni ya Tabitha: masanduku yote ya vikaratasi nilivyovijaza sokoni Skipton, na kwenye mabanda ya kukatia manyoya ya kondoo, na kwenye vilabu vya bia ambako wazee hawafumbui mdomo mpaka uwanunulie. Humo mna neno la jirani anayepita kwako kila sufuria ikianza kunukia. Mna neno la mwanakondoo yatima anayevalishwa ngozi ya mwenzake aliyekufa, ili mama mfiwa amkubali na kumnyonyesha. Msomi mmoja wa Oxford aliniandikia kwamba hilo la pili asili yake haieleweki. Nikamjibu aje amuulize kondoo.

Sasa nije kwa Crowther. Mnaijua desturi ya kazi yetu: mtunga kamusi mwenye akili huchomeka katikati neno moja la uongo, lenye sura ya ukweli na maana yake kamili, kisha hunyamaza kimya. Akija mtu wa kunakili kwa siri, atalizoa na hilo, na hapo umemkamata shati. La kwangu nimewaambia mara nyingi ni wessom: joto linalobaki kitini mtu akishainuka. Na mwaka huu, theluji ilipoisha tu, mzee Crowther, mchapaji wa Leeds, katoa kamusi yake, nono, jalada la ngozi, na ndani wessom limejikalia kama mwenye nyumba, joto la kitini vilevile! Nilimfuata dukani kwake, kifua hiki hiki kikipiga filimbi, nikamuuliza, "Mzee Crowther, hili umelitoa wapi?" Akanitazama juu ya miwani. "Kwa watu, kijana. Kwani wewe ya kwako unayachimba bustanini?" Wateja wakacheka mpaka wakashika meza. Nikamwambia atamchekesha jaji.

Jumatatu ndiyo hiyo kesi. Mimi siwezi kusimama, kwa hiyo atasimama Tabitha, aweke mkono juu ya Biblia, aape kwamba neno wessom halijapata kutoka kinywani mwa mtu yeyote kabla kaka yake hajalitunga. Wakili anasema hicho tu kinatosha. Tukishinda, kamusi zake zinachomwa moto na hakuna atakayemwita tena mtu mwaminifu. Tukishindwa, lile lidude lake nono litaifukia yetu, na duka letu hili la uchapaji halitauona mwaka mpya. Enoch ananiambia, "Kaka, tuachane naye, yule mzee hana uso wa wizi." Uso wa wizi! Mwizi mwenye uso wa wizi angekula nini, Enoch?

Nizikeni karibu na mama, si karibu na baba. Baba alikoroma akiwa hai, sitaki kujaribu bahati. Kasisi asihubiri mpaka watu waanze kutazama buti zao. Baada ya hapo watu wapewe pai ya nguruwe na bia, na daktari asiachwe peke yake chumbani humu.

Ngoja. Maji... Hapana, kidogo tu. Niinue mto.

Enoch, Mungu aitulize mikono yako kwenye herufi, na moyo wako huo laini asiufanye mgumu, nilikuwa nakutania. Tabitha, upate mume anayejua kusoma, lakini si haraka kukuzidi. Mle mshibe. Msigombane kwa ajili ya masanduku. Nendeni sasa.

Tabitha. Rudi. Keti hapa, na usimwite mtu.

Kuna kipande nimekiruka. Neno lile... sikulitunga. Nilitaka tu liwepo hata moja langu, katika yote yale ya watu. Nilikuwa nikitoka kwenye baridi, mama anainuka kwenye kiti chake cha jikoni, ananiambia, "Kaa upesi, Jabez, wessom isipoe." Wewe ulikuwa kitoto cha kulala kwenye susu. Huwezi kukumbuka. Sikulisikia kwa mtu mwingine, nikasema basi, ni la jikoni kwetu tu, nani atajua. Lakini mama alitoka kijiji cha Dent... na Crowther kazaliwa huko huko Dent. Nilikuwa najua. Aliposema "kwa watu," nilijua.

Jumatatu, Tabitha... mkono wako... uache mfukoni.