Mbaluka Mulei, Mwenye Orodha za Ijumaa

Marehemu Mbaluka Mulei alizaliwa tarehe 14 Mei 1985, nyuma ya soko la Tulia, Kitui, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mulei na mama Ndila. Hayo ni ya hakika, na hatuna budi kuanza na ya hakika, kwa kuwa tangu afariki kuna tangazo linalozunguka katika simu za watu. Limeandikwa na Bwana Kyule, msimamizi wa kundi la mtandaoni liitwalo Madereva wa Mezani, nalo linamtaja marehemu kuwa “msaidizi wangu mpendwa katika kuandaa orodha zangu.” Mbaluka hakuwa msaidizi wa Bwana Kyule. Orodha hazikuwa za Bwana Kyule. Familia imeona uongo huo usitangulie kaburini kabla ya mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi ya misheni iliyokuwa ng’ambo ya mto, enzi zile tulipoimba tenzi kabla ya hesabu na kengele ilikuwa kipande cha reli. Mwaka 1997, mvua kubwa ilipojaza mto, mwalimu aliwauliza watoto kama panapitika. Wote waliitikia kwamba panapitika. Mbaluka peke yake alishuka, akavuka, akarudi amelowa hadi kifuani. “Mwalimu, mimi nimepita,” alisema. “Lakini Nzisa asipite. Nzisa ni mfupi.” Nzisa yupo nasi leo, na bado ni mfupi. Marehemu alimaliza kidato cha nne mwaka 2003.

Kuanzia mwaka 2007 aliendesha malori kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka kumi, bila kuangusha hata gunia. Tarehe 18 Agosti 2012 alifunga ndoa kanisani na Katunge wa Kasikeu. Kabla ya kanisa alikuwa amekwisha kupeleka ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila wao Mkamba hawezi kumwita mwanamke mke wake, hata akimvisha pete kumi. Mama mkwe angali anawasifu mbuzi hao kuliko anavyozisifu picha za harusi. Mungu aliwajalia binti mmoja, Kalunde.

Mwaka 2017 ugonjwa wa sukari ulimchukua mguu wa kulia. Dereva asiye na mguu wa kulia ni kama mwimbaji asiye na koo. Alihamia Emali, akatengeneza simu katika duka la Mulki Abdiwahab, mama mwenye moyo mpana na kompyuta moja kuukuu iliyokohoa kila ilipowashwa. Humo ndani mlikuwa na mchezo wa kuendesha malori. Wapo jamaa zetu waliocheka kuona baba wa mtoto ameshika usukani wa plastiki. Hao tunawasamehe, walicheka waziwazi, na hawakuiba kitu.

Mchezo huo una nyongeza ambazo wapenzi wake huzitengeneza na kugawana bure: lori jipya, barabara mpya, mvua, honi. Wenyewe huziita modi. Nyingi ni mbovu, na nyingine huua kompyuta kabisa. Basi kuanzia Ijumaa tarehe 8 Machi 2019, Mbaluka aliwaandikia wanakundi wa Madereva wa Mezani kila juma orodha ya modi alizozipendekeza. Kila modi aliiendesha safari tatu kamili, yenye mzigo, mlimani na kwenye mvua, katika kompyuta ile inayokohoa. “Ikipita kwa Mulki,” alisema, “itapita hata kwa yule mwenye mashine duni kuliko wote.” Maelezo yake yalikuwa mafupi. “Taa nzuri. Breki za maombi. Usichukue.” Chini ya kila orodha aliandika jina lake, kisha: “Asante Mulki kwa stima na Katunge kwa chai.”

Bwana Kyule alikuwa amelifungua kundi. Sifa yake ndiyo hiyo. Kupigilia msumari ukutani ni kazi, hatukatai, lakini haimfanyi mtu kuwa mwenye kofia zinazotundikwa hapo. Kwa miaka yote hiyo hakuendesha modi hata moja hadi mwisho wa safari.

Novemba 2024 figo za marehemu zilishindwa, akalazwa. Bwana Kyule alimtoa kundini, akazikusanya orodha zote, akafuta jina Mbaluka Mulei na kuweka lake. Mbali na kuwa mwizi, alikuwa pia mvivu. Hakusoma hadi mstari wa mwisho. Kijana Deeq, mteja wa Mulki, alimwuliza mbele ya watu wote:

“Boss, huyu Katunge wa chai ni nani?”

“Ni mke wangu,” akajibu Bwana Kyule.

Nzisa, naye mwanakundi, akaandika: “Hongera, shemeji! Ntheo ulipeleka lini?”

Kundi zima lilicheka, na Bwana Kyule akawatoa waliocheka zaidi. Alizivunja amri ya nane na ya kumi kwa kidole kimoja, na bado hakujua kuendesha.

Katunge alimsomea mumewe maneno hayo kitandani, akilia kwa hasira. Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja. “Amechukua orodha, sasa na wewe?” akasema. “Mwambie mama mkwe amfungulie zizi.” Kisha akaongeza: “Lakini Kalunde akiuliza nilifanya nini baada ya mguu, nataka aone jina langu pale chini.”

Alitaka kutoa orodha moja zaidi. Alikuwa na modi saba alizozijaribu, na ya nane ambayo hakuwahi. Deeq alimsihi aiweke hivyohivyo. Alikataa: hakupendekeza asichokiendesha. Basi Katunge, ambaye hakuwahi kushika usukani wowote, alikwenda dukani kwa Mulki siku mbili mfululizo, akaiendesha safari tatu, akarudi na taarifa: “Mlimani inasita, baba Kalunde. Mara mbili imezima.” Modi ya nane ikaachwa.

Ijumaa tarehe 17 Januari 2025 orodha ilitoka katika kundi jipya alilolifungua Deeq, ikiwa na jina la Mbaluka Mulei chini yake. Kufikia Jumapili wanakundi karibu wote walikuwa wamehamia huko. Bwana Kyule alibaki na msumari wake. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 30 Januari, alfajiri, Katunge akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama yake Ndila, mke wake Katunge, binti yake Kalunde, ambaye orodha zote amechapishiwa, zenye jina, ndugu wanne, Mulki, aliyezima ile kompyuta kwa siku tatu za msiba, na madereva wa mezani wengi, ambao baadhi yao wamesafiri kuja kukiona kiti chake.

Bwana Kyule naye amefika, na ameomba dakika tano za kusema kwa niaba ya kundi. Hatapewa. Lakini kama angali anadai mke, mama mkwe ameketi safu ya mbele, na Kasikeu si mbali. Ni mbuzi watatu.

Mbaluka hakumwelekeza mtu njia ambayo yeye mwenyewe hakuifikisha mwisho. Hii ameifikisha. Mungu ampokee mzigo, naye apumzike.