Kiungo cha Kijivu cha Mbak Wuryani

Mheshimiwa Bupati, mkuu wa wilaya yetu. Bwana Mganga Mkuu. Pak Kuncara, mwenyekiti wa huduma yetu ya damu. Ibu na Bapak, mama na baba zetu mnaotoa damu bila kungoja hata ahsante. Na ninyi watengenezaji wenzangu wa tovuti, mliojibanza kule nyuma karibu na sufuria la gudeg, mchuzi wetu wa fenesi: amani iwe juu yenu nyote!

Jamani, leo nina furaha kubwa! Ukurasa wa kuomba damu kwenye tovuti yetu umekamilika, na nimepewa heshima ya kuuzindua. Lakini siwezi kuuzindua bila kumtaja mtengenezaji mwenzangu mmoja. Mbak Wuryani, usiiname, nakuona!

Tulipoifungua tovuti hii kwa majaribio, kurasa nyingi zilikuwa hazijaandikwa. Katika kazi yetu, ukurasa ukiwa haujawa tayari, unaweka kiungo kitupu mahali pake. Kinapendeza, cha buluu, kina mstari chini. Unakibonyeza, hakikupeleki popote. Ni mlango uliochorwa ukutani. Nani kati yetu watengenezaji hajawahi kuuchora?

Wuryani aligoma. Aliandika kipande kidogo cha programu, sisi tunakiita msaidizi, na kila ukurasa ukitaka kuonyesha kiungo ukawa unamuuliza msaidizi huyo kwanza. Ukurasa upo? Anachora kiungo. Haupo? Anaandika jina lake kwa kijivu, halibonyezeki, na mbele yake neno moja, “bado”, na namba ya simu ya mtu wa zamu. Basi!

Pak Kuncara alipoona kijivu kile, lo! “Mbak, wageni watatuonaje? Bado, bado, bado, kama nyumba isiyo na paa! Toa hayo, weka buluu. Kwani nani atabonyeza?”

Sote mezani tukaitikia, “Inggih, Pak.” Wuryani naye akaitikia kwa sauti tamu kabisa, “Inggih, Pak.” Nanyi mnaijua inggih yetu: ni ndiyo ya adabu, huwezi kuijengea nyumba. Mwenyekiti akaondoka ameridhika, na binti huyu hakugusa hata herufi moja. Nilipomuuliza, alinijibu huku anatafuna, “Bu, nimemheshimu. Sikusema nitafanya.” Pak Kuncara, cheka tu, yamekwisha!

Wiki ile ile, asubuhi, Mas Bagyo wa huku juu mlimani alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa hospitali ndogo. Mkewe, Sukesi, alikuwa ametoka kujifungua, na damu haikukoma. Damu ya kundi lake hospitalini hapo ilikuwa imekwisha. Mas Bagyo akafungua tovuti yetu kwenye simu, akatafuta “Omba damu”. Akakuta kijivu. Bado. Piga simu kwa Bu Tumini.

Akapiga. Bu Tumini, aliyekuwa zamu, akaacha chai yake, akawaamsha wachangiaji wa kundi lile kijiji kwa kijiji, na pikipiki zikaanza kuteremka. Wengine wao mmekaa humu ndani. Inukeni tuwaone! Msione haya!

Juzi nilimuuliza Mas Bagyo, je, hakukasirika kukuta ukurasa haujakamilika? Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. “Bu,” akasema, “kingekuwa cha buluu, ningekuwa nakibonyeza mpaka mke wangu anakufa.”



Leo asubuhi Wuryani amemwambia msaidizi wake kwamba ukurasa upo, na kijivu kikageuka buluu katika kila pembe ya tovuti kwa mara moja. Kurasa mbili bado, Mheshimiwa, na zimeandikwa hivyo hivyo, bado, mbele ya macho yako na ya wageni wetu wote. Hatutazipaka rangi.

Ratiba inasema Mheshimiwa Bupati ndiye atakayebonyeza wa kwanza. Lakini ameniinamia sasa hivi akaninong'oneza, “Bu, mimi sijapungukiwa damu. Mpe mwenye haki yake.”

Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa damu yenu. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sukesi, mwanangu, mpe Mas Bagyo mtoto, uje ubonyeze.