Dumu Nyuma ya Benchi

Kijiwe kimeegemea ukuta wa nyumba ya Mzee Abeid, hapo Mwembesongo, upande ambao kivuli hufika mapema. Benchi moja refu, jiko la mkaa, dele la kahawa la Salehe, na wanaume ambao hakuna jambo wasilolijua. Nyuma ya ukuta huo huo alikuwa Scholastika, au Mama Lucy, mpangaji, muoka keki za harusi, akifuta sakafu tangu alipoamka. Kiyoyozi chake, alichokinunua mwenyewe ili krimu isiyeyuke, kilikuwa kinamwaga maji chumbani. Ukuta umevimba, rangi inabanduka. Asubuhi hiyo Mzee Abeid alikuwa ametoa hukumu: mwisho wa mwezi ahame, na kiyoyozi kibaki kufidia ukuta. Scholastika akatoka nje na aproni yake, tambara mkononi, akamkuta mzee kijiweni na kikombe chake cha kahawa.

— Shikamoo, Mzee Abeid.

— Marahaba, Mama Lucy. Umeanza kufunga mizigo?

— Mizigo ya nani? Siendi popote. Nimekuja kutafuta maji yanakotoka.

Pale benchini watu walikaa vizuri. Hili lilikuwa tamu kuliko kashata.

— Mimi nitakwambia, alisema Luqmani, anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani tu. Huo ni mlima. Uluguru umejaa maji. Yanashuka chini kwa chini toka Mgeta, yakifika hapa yanatafuta pa kutokea.

— Yaruke nyumba zote, yaje kupanda mpaka juu ya meza yangu?

— Yana presha, mama.

— Presha gani! alidakia Kasiani, mlinzi mstaafu wa shamba la miwa, ambaye wote humwita Meja ingawa jeshi alilisikia redioni. AC ni kama mtu. Ukiishindisha na joto kutwa, lazima itoe jasho. Ifunike blanketi, ipumzike.

— Blanketi, Meja?

— Lile zito.

— Ukiifunika inalipuka! Profesa alipaza sauti. Mle mna gesi ya barafu. Ikikutana na harufu ya vanila inageuka maji. Keki ndiyo inayoliza AC, ndugu zangu.

— Mmesikia? alisema Mzee Abeid. Kumbe keki! Nilisema tangu mwanzo, kosa ni la mpangaji.

Scholastika aliwaacha wamalize. Mgongo ulimuuma, na ndani kulikuwa na keki ya watu haijapakwa kitu.

— Mmemaliza? Sasa sikilizeni. Chujio nimelisafisha. Trei haijapasuka, ila imejaa mpaka inafurika. Maana yake maji hayana pa kutokea. Mpira wa kuyaleta nje unapita kwenye ukuta huu mnaouegemea. Inukeni.

— Tuinuke? Meja alifura. Hapa hata mgambo wakija hatuinuki!

— Basi nalivuta benchi na wewe juu yake.

Akashika ncha ya benchi. Meja akainuka.

Nyuma yake mpira ulichomoza ukutani, ukashuka, ukazama kwenye mdomo wa dumu la njano, ukakazwa kwa ukanda wa tairi la baiskeli. Dumu limejaa pomoni. Scholastika alimtazama Salehe. Salehe alilitazama jiko.

— Dumu la nani?

— La kuoshea vikombe, dada. Mabomba yanakatika kila siku. Nikaona haya ni maji ya bure, masafi, baridi...

— Tunaoshewa vikombe kwa jasho la AC! Meja akatema chini.

— Umeuzamisha mpira mpaka chini, Salehe, halafu ukaukaba koo, alisema Scholastika. Hewa haitoki, maji yatashukaje? Nani alikutuma?

— Mwenye nyumba. Alisema yasipotee bure. Hata yeye hutilia betri ya gari.

Mzee Abeid alipeleka kikombe mdomoni. Kilikuwa kitupu.

Scholastika akatoa mkasi mfukoni mwa aproni, akakata ule ukanda, akauchomoa mpira. Ukagugumia, ukatema ute mweusi, kisha maji yakaruka juu ya kandambili za Profesa.

— Presha hiyo, alisema Meja.

Scholastika akaliburuta dumu mbali, akauacha mpira unaning'inia wazi. Akaingia ndani, akamimina jagi la maji kwenye trei, akatoka kutazama. Yalikuwa yanatiririka nje, yote. Ndani hata tone.

— Ukuta umeuharibu mwenyewe kwa dumu lako, mzee, utaupaka mwenyewe, alisema. Kodi nalipa, keki naoka, na AC haing'oki.

— Sina nia mbaya, Mama Lucy. Ilikuwa ni huo ukuta tu. Ningekuwa na sababu gani nyingine?

Bodaboda ikasimama. Akashuka msichana mwenye begi la kukokota, akawapigia magoti kidogo.

— Shikamooni. Mimi naitwa Jesca. Niliambiwa kuna chumba kinapangishwa, kina AC, mpangaji anahama. Ndicho hiki?

Profesa, aliyekuwa na jibu la mlima mzima, alivua miwani akaanza kuifuta. Meja alikohoa. Salehe alilitikisa dele. Halikuwa na kitu. Wote wakamgeukia Mzee Abeid, naye akawa anatazama barabara.

— Chumba ndicho hiki, mwanangu, alisema Scholastika. AC ni yangu na mpangaji ni mimi. Aliyekuahidi yuko hapo, muulize alikuahidi lini.

Akavuta benchi, akaketi pale pale alipokuwa Meja, akakunja mikono kusubiri jibu.