Meleri Bowen, Aliyewafundisha Kondoo Mlima

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu Meleri Bowen atakabidhi funguo za lango la juu, darubini ya ofisi, na buti ambazo kwa kweli hakuna mwenzake atakayezitaka. Siku hiyo atakuwa ameitumikia Hifadhi ya Garn Lwyd kwa miaka thelathini na sita. Ameomba wasifu wake uwe mfupi na usiwe na sifa nyingi. Ombi lake limejadiliwa na kukataliwa.

Meleri ni mtoto wa mjini, wa Swansea, binti wa fundi wa meli. Alifika kwetu mwezi wa tano mwaka 1986 akiwa na shahada ya mimea na koti jepesi mno. Mlima ulimpokea kwa desturi yake, yaani wiki nzima ya ukungu. Alitembea huku na huko akihesabu alichoweza kukiona, nacho kilikuwa miguu yake. Kisha asubuhi moja, akiwa ukingoni mwa kinamasi cha juu, ukungu ukanyanyuka wote kwa pamoja. Akauona mlima mzima: nyasi za pamba zikitikisa vichwa vyeupe hadi upeo wa macho, vidimbwi vyeusi vya mboji vikiwa vimeshika mawingu ndani yake, na juu yake sululu, ndege yule wa mdomo mrefu uliopinda, akipanda angani huku sauti yake ikianza polepole kisha ikichemka kama maji jikoni. Meleri alirudi ofisini jioni bila hesabu yoyote. Alipoulizwa na mkuu wake ameona nini, alisema, "Sijui nianzie wapi." Ripoti yake ya kwanza haijapatikana hadi leo.

Kazi alizozifanya baada ya hapo zinajulikana. Aliziba mitaro ya zamani iliyokuwa ikikausha kinamasi, akikata mboji kwa jembe lake mwenyewe kabla hatujapata mashine. Alilinda viota vya kipanga wa kijivu, na kipanga jike mmoja alimpiga kichwani mara nyingi hata akawa anapanda mlima amevaa sufuria chini ya kofia. Alipanda hadi kwenye kiota cha mwewe mwekundu akakuta kimetandikwa vizuri kwa soksi moja ya kanisani ya Idwal Pritchard. Mwewe hupenda nguo zilizoanikwa, na vifaranga walikuwa wameshaizoea, kwa hiyo aliiacha. Idwal, mkulima wa shamba la Blaen-cwm lililo chini ya mlima, aliimba kwaya Jumapili hiyo na soksi za rangi mbili, akamtangazia kila mtu sababu.

Lakini wasifu wa Meleri ukiishia kwenye sufuria na soksi utakuwa umeliruka jambo kubwa, na yeye mwenyewe ndiye hupenda kulisimulia mbele ya wafanyakazi wapya.

Kwa wenzetu wa makao makuu niseme kidogo juu ya kondoo. Garn Lwyd haina uzio. Mashamba kadhaa yana haki ya kulisha juu yake, na kondoo wa kila shamba hukaa katika kipande chao, kizazi baada ya kizazi, ingawa majani ya ng'ambo ya kijito ni yale yale. Hakuna anayewazuia. Mwanakondoo humfuata mama yake kiangazi cha kwanza, akajua wapi pa kujikinga na upepo, wapi mboji inameza miguu, na wapi ndio mwisho wa kwao. Akizaa, naye humwonyesha wake. Kipande hicho sisi kwa Kiwelisi hukiita cynefin. Shamba likiuzwa, kondoo huuzwa pamoja na mlima wao, maana vitu hivyo viwili havitenganishwi.

Mwaka wake wa nne kazini, Meleri alivitenganisha.

Kondoo walikuwa wengi mno wakati ule, na vichaka vya mlima, vile vinavyogeuka zambarau mwezi wa nane, vilikuwa vimegugunwa hadi mashina. Meleri akaandaa mpango: kondoo wote wa Blaen-cwm waondolewe, mlima upumzike. Alikwenda kwa Idwal, wakakaa jikoni mbele ya chai na mkate wa zabibu.

"Niachie hata majike wachache wazee," Idwal alisema. "Meno yenyewe yameisha. Watakula nini?"

"Mzee Idwal, mpango unasema wote. Tukibakiza wachache hatutajua ni nini hasa kilichouponya mlima."

"Binti, mlima hauumwi. Umechoka tu. Hata mimi nimechoka, lakini sijaona mtu akinitoa jikoni."

Alicheka, akakubali, kwa sababu nyonga yake ilikuwa mbovu na kupanda kulimshinda. Siku lori lilipokuja kuwachukua kondoo, hakutoka nje.

Miaka mitatu ya kwanza mlima ulitufanya tuonekane wenye akili. Vichaka vilisimama, vikafika magotini, na mwezi wa nane zambarau ilimwagika bondeni hata watu wakasimamisha magari barabarani. Vipanga waliongezeka. Lakini vichaka havikujua mpango wetu ulikuwa unataka vikomee wapi. Vilifika mapajani, vikazeeka, vikafungamana na nyasi ngumu, na kangaga likapanda kutoka chini. Sululu hataki hayo. Yeye hutaga ardhini, naye hupenda majani mafupi yaliyochanganyika na marefu, ili amwone mbweha kabla mbweha hajamwona. Kila mwaka walipungua. Masika ya saba mwezi wa nne ulifika, wa tano ukafika, na juu ya Garn Lwyd kulikuwa na upepo peke yake.

Sitaki kukieleza kimya kile sana. Waliokuwepo wanakijua.

Meleri alisimama kwenye mkutano, akasema maneno ambayo hayasikiki mara nyingi katika mikutano yetu: "Nilikosea. Kondoo warudi, wachache, lakini warudi."

Kuwarudisha kulikuwa rahisi. Idwal alinunua majike vijana kutoka mlima mwingine wa kaskazini, na binti yake Lowri, aliyekuwa amerudi nyumbani ili ashike shamba, akawapandisha. Wiki ile ile walikuwa kila mahali. Hapakuwa kwao, na hapakuwa na mama hata mmoja wa kuwaambia pa kukomea. Walikutwa kwenye bustani za watu, kwenye barabara kuu, na katika mlima wa kila jirani. Watatu waliingia makaburini na kula shada la mzee wa kanisa alasiri ile ile aliyozikwa. Mjane wake alimpigia Lowri simu.

"Sikulaumu, mwanangu," alimwambia. "Ila mwambie baba yako wamebakiza utepe."

Majirani walichoka, na walikuwa na haki. Uongozi ukaamua: ikiwa kufikia siku ya kukusanya kondoo, mwezi wa tisa, hao wa Blaen-cwm watakuwa bado wanatangatanga, uzio wa waya utajengwa kukata mlima katikati. Maana yake ilieleweka na kila mmoja. Ndege warukao chini kwenye ukungu wangejiua kwenye waya. Blaen-cwm ingebaki upande usio na maji, na shamba lisilo na mlima kwetu ni jiko na banda tu. Lowri angelazimika kuliuza.

Meleri akarudi jikoni kwa Idwal.

"Wale wa kwanza kabisa, nani aliwafundisha?" aliuliza.

"Watu. Walikaa nao huko juu kiangazi chote, wakiwarudisha asubuhi, wakiwarudisha jioni, mpaka kondoo wakachoka kubishana."

"Basi nipe mbwa."

"Nitakupa Mot. Yeye anaijua kazi. Wewe mfuate tu."

Meleri aliomba likizo zake zote kwa mkupuo mmoja, akahamia kwenye kibanda cha mawe ambacho wachungaji wa kale walikitumia kiangazi, akakifunika kwa turubai. Lowri alimpandishia chakula kila walipomaliza kukamua ng'ombe. Idwal, asiyeweza kupanda, aliwekewa kiti langoni pamoja na darubini na redio ya upepo ya ofisi, ya kuongea na Meleri huko juu. Hakuna aliyekumbuka kwamba redio hiyo ilisikika katika kila gari letu na mezani kwa katibu. Kwa hiyo kiangazi kile hifadhi nzima ilifanya kazi ikisikiliza.

"Binti, yule mwenye sikio jeusi anavuka kijito."

"Nimemwona."

"Umemwona anavuka, au umemwona amevuka?"

Kisha, kwa pumzi za mtu anayekimbia: "Amevuka."

"Asante. Mot alishakwenda. Nilitaka kujua kama nawe uko kazini."

Mwezi mzima wa mwanzo ulikuwa hivyo. Alfajiri ndipo kondoo walipopenda kutawanyika, naye alikuwa mpakani kabla yao. Hakuwapiga wala kuwatisha. Idwal alimwonya mapema: "Ukiwatisha watajifunza kukuogopa wewe, na wewe utaondoka. Simama tu mahali ambapo hutaki wapite." Kwa hiyo alisimama kwenye mvua na kwenye upepo, akatembea ukingo wa kijito hata njia yake ikaonekana kutoka bondeni.

Kwa kusimama huko akaona mambo ambayo sisi wenye kupita kwa Landrova hatukuwahi kuyaona. Alimwona kipanga dume akija na panya mguuni, na jike akitoka kiotani, akageuka chali chini yake angani, akaudaka ule mzigo bila hata mmoja wao kupunguza mwendo. Aliona mlima wote asubuhi moja ukiwa umefunikwa utando wa buibui, kila uzi umebeba umande, hata kondoo walipotembea waliacha njia nyeusi juu ya fedha. Na siku moja sauti yake ilikuja redioni ya chini, kama mtu aliye kanisani.

"Mzee Idwal. Kuna mtu ndani ya ukungu chini yangu. Mrefu sana. Ana duara la upinde wa mvua kuzunguka kichwa."

"Jua liko mgongoni kwako?"

"Ndiyo."

"Basi ni wewe, kivuli chako. Mpungie mkono."

Tukasubiri, ofisi nzima.

"Amenipungia," Meleri alisema.

"Ana adabu. Baba yangu alimwona mara mbili maisha yake yote. Usiongee sasa, mwangalie."

Hakuna aliyegusa redio mpaka ukungu ulipoyeyuka.

Wiki ya mwisho kabla ya siku ya kukusanya, Idwal alimwamuru ashuke. Kama kondoo wamejifunza, alisema, wamejifunza, na kama bado, tusiwadanganye watu. Meleri akashuka na Mot, akamkabidhi mbwa, na siku zile hakula vizuri. Lowri naye alikuwa ameshaombwa na dalali aonyeshe nyumba.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu. Majirani walipanda kutoka pande zote na mbwa wao, kila mmoja akishusha chochote alichokikuta upande wake, kama ifanyikavyo kila mwaka. Kondoo wa shamba jingine hutengwa kwenye zizi la mawe hadi mwenyewe aje. Lowri alizunguka mazizi ya majirani akitafuta alama nyekundu ya Blaen-cwm kwenye migongo. Katika la kwanza hakuona. Katika la pili aliwaona wawili. La tatu, hakuna.

Wakati huo Meleri alikuwa juu, kwenye kijito, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba alisikia kondoo kabla ya kuwaona. Walitokea kwa mstari, majike na watoto wao, wakikimbizwa na mbwa wa jirani aliyedhani ni wa kwao. Mbele yao palikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na ng'ambo majani mabichi. Yeye alikuwa amesimama pembeni, hakuwa njiani mwao. Yule mwenye sikio jeusi alifika ukingoni, akasimama. Akageuka, akaufuata ukingo kuelekea nyumbani, na kundi lote likageuka nyuma yake ukunguni.

Meleri alibonyeza redio. Idwal alimwahi.

"Wamevuka?"

"Hapana."

Baadaye kidogo tulimsikia akisema, si kwa yeyote hasa, "Wako kwao."

Waliopotea walikuwa wale wawili tu, na uzio haukujengwa. Sululu walirejea mwaka wa pili baada ya hapo, jozi moja, kisha tatu. Mwaka huu tumehesabu kumi na moja. Idwal tulimzika miaka tisa iliyopita, na kwaya yake iliimba. Lowri bado yuko Blaen-cwm na hajauza hata lango. Kondoo wake wa leo hawakumwona Meleri akisimama mpakani, wala mama zao, wala mama wa mama zao. Wanajua tu. Nimeishi chini ya mlima huu maisha yangu yote, nami bado sielewi vizuri jambo hilo linakaa wapi ndani ya mnyama.

Mwezi uliopita ilikuwa siku yake ya mwisho ya kukusanya kondoo. Lowri alimtaka asimame kwenye kijito, kwa heshima tu. Mwanakondoo mmoja wa masika haya alijitenga na kundi, akaja hadi majini, akatia mguu mmoja. Meleri, kwa mazoea, aliinua mkono. Kabla hajaufikisha begani, jike mmoja aliita mara moja kutoka kwenye vichaka. Mwanakondoo akautoa mguu, akarudi.

"Umeona, dada Meleri?" Lowri alimwambia. "Huna kazi hapa."

Naye akaushusha mkono, akacheka mpaka akaketi kwenye nyasi.

Meleri, kwa niaba ya wote tuliowahi kusikiliza redio ile: asante. Nenda salama hadi nyumba yako mpya, ambayo tunafahamu iko hatua chache tu kutoka lango la chini. Upate usingizi mrefu asubuhi, afya, na chai isiyopoa. Na ukisikia sululu wakirudi masika, lala tu. Tutawahesabu sisi.