Borafya Anajisinga

Baraza ni yangu. Nyumba ni ya Kikwajuni, simenti nilitia kwa mkono wangu mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi, na mpaka leo, mwaka wa sabini na moja, sijapata kukaa pembe ninayoitaka. Kila baada ya Alasiri, Makungu huja na dele lake la kahawa akigonganisha vikombe, na hawa wanamfuata. Kuna Usi, tunamwita Redio, maana habari humfikia kabla haijatokea. Kuna Mcha, tunamwita Dokta kwa sababu alipata kufunga vidonda hospitalini miezi michache, akaachishwa, na tangu hapo hajaacha kutibu watu. Kuna Mzee Msabah, jina lake Ngoja, kwa kuwa hilo ndilo jawabu lake kwa kila jambo. Na kuna Borafya, mkata tiketi wa senema, mwenye mbalanga: mabaka meupe mikononi, shingoni na kuzunguka mdomo. Huyu hana jina la utani. Alikuwa nalo, akatukataza, tukaacha.

Siku hiyo Ngoja alikuwa na mzigo. Borafya kamposa Mwanakheir, binti wa marehemu kaka yake Ngoja, na Ngoja ndiye walii, mwenye idhini ya kumuoza. Binti karidhia, mama karidhia, limebaki neno la ami. Ngoja anazungusha kikombe tu, na Borafya kakaa mbele yake, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka kooni. Redio akaanza yake.

REDIO: Mie leo alfajiri nilipanda juu kuziba bati. Nikachungulia uani kwa Borafya. Bila ya kukusudia.

MIMI: Bati lako linavuja upande wangu, si wake.

REDIO: Nshasema bila ya kukusudia. Nimemkuta kajifunga shuka, kakaa kigodani, anajisinga. Anajipaka uto, toka utosini mpaka vidole vya miguu. Mwanamume mzima, kama bibi harusi.

BORAFYA: Nnajisinga kila siku. Leo ndiyo umeniona.

DOKTA: Hiyo dawa ya mbalanga, mie naijua. Mafuta yanaingia vitunduni, yanapika rangi kwa ndani, halafu rangi inapanda juu.

BORAFYA: Mwaka wa nne huu, Dokta. Mabaka yameongezeka.

DOKTA: Ndivyo inavyofanya kazi. Lazima yatoke yote kwanza.

REDIO: Si dawa. Wezi ndio wanaojipaka mafuta wasikamatike.

MIMI: Mwizi gani anajipaka mafuta kisha anakwenda kukata tiketi?

REDIO: Mwizi mwenye subira.

DOKTA: Basi tuseme ni siasa. Watu wanapanga foleni kutafuta mafuta ya kula, yeye anayala kwa ngozi. Tawi la chama likisikia, ataitwa.

BORAFYA: Ufuta analima mama yangu shamba, na kukamua anakamua mwenyewe. Tawi likitaka kuja, lije. Mgongo siufikii vizuri, watanisaidia.

REDIO: Sasa nimefahamu. Jini. Jini la Kihindi, kapewa na yule tabibu wa Kibaniani wa Hurumzi. Halili damu hilo, linakula uto tu. Siku akikosa kulipaka, litamla yeye.

MIMI: Makungu, mtilie Redio kahawa, labda ataunguza ulimi.

Hapo ndipo Ngoja alipoweka kikombe chini. Uso ulimkunjuka, kama mtu aliyeona mlango wa nyuma.

NGOJA: Mie nimemsikia Dokta. Kama ni dawa, mambo yamekuwa mepesi. Tunangoja ifanye kazi. Akipona, harusi. Hapana aliyekataliwa, hapana aliyeaibika. Borafya mwanangu, ni dawa, si dawa?

Nikamkonyeza Borafya. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Angesema ndiyo, angekuwa na ahadi ya ami mbele ya watu, na baadaye tungeona. Akafungua kifungo cha koo.

BORAFYA: Si dawa, mzee wangu. Kwa yule tabibu nilikwenda kabla hajarudi Bombay, nikamwambia niondolee haya. Akanitazama sana, akasema hayaondoki. Akanambia kwao wana elimu ya tiba ya kale, wanaiita Ayurveda, na mtu hujipaka mafuta kila asubuhi kabla ya kuoga, kwa mkono wake mwenyewe. Penye mfupa mrefu unapeleka na kurudisha, penye kiungo unazungusha. Nikamuuliza, yatanifaa nini? Akasema, wewe mwili wako unaugusa kwa kuusugua tu. Na kweli. Nilikuwa najisugua kwa dodoki na ndimu mpaka natoka damu. Siku ya mwanzo nilipojipaka bega hili nililia, mzee. Sasa silii. Napita juu ya jeusi na juu ya jeupe kwa mkono ule ule. Mwili wote wangu.

NGOJA: Maneno mazuri. Lakini ukisema ni dawa, utapungukiwa nini?

BORAFYA: Nkisema dawa, nshasema mie mgonjwa. Mwanakheir atakuwa akiamka ananikagua kama nimepona. Sitaki kukaguliwa ndani ya nyumba yangu. Anioe... nimuoe hivi nilivyo, au uninyime leo, kwa mdomo wako.

Nilimkasirikia, maana alikuwa anaibomoa harusi yake kwa mikono miwili. Na nilimwonea wivu. Mimi na tumbo langu hili hatujapata kuamkiana.

NGOJA: Basi jawabu langu, tungoje. Mpaka apone.

DOKTA: Mwaka mmoja.

REDIO: Miwili. Jini halitoki upesi.

Wakati huo akatokea Bi Kidawa, msingaji wa maharusi wa mtaa mzima, buibui limemfunika mpaka kwenye paji. Sote tukamwamkia shikamoo, akatujibu marahaba ya haraka.

BI KIDAWA: Nimetumwa na mama yake Mwanakheir. Anataka jawabu.

NGOJA: Mwambie hatukukataa. Tunangoja huyu apone.

Bi Kidawa akamgeukia Borafya.

BI KIDAWA: Unaumwa?

BORAFYA: Siumwi, Bi Kidawa.

BI KIDAWA: Kula unakula? Kulala unalala?

BORAFYA: Nakula, na nalala.

BI KIDAWA: Hayo mabaka yanawasha?

BORAFYA: Hata kidogo.

BI KIDAWA: Basi, Msabah, unangoja apone nini?

Ngoja akamtazama Dokta. Dokta akamnyooshea Makungu kikombe. Redio, ambaye habari humfikia kabla haijatokea, alikuwa anachunguza kandambili zake. Borafya akakunja mikono ya shati mpaka viwikoni, pole pole, mkono mmoja kisha wa pili, akaikalisha magotini mbele ya ami mtu. Bi Kidawa alisubiri. Alitupa muda wa kutosha kila mmoja wetu.

BI KIDAWA: Mwari akiulizwa akanyamaza, tunasema karidhia. Leo kanyamaza walii. Mie nakwenda kusaga liwa ya kumsinga bibi harusi.

Akajitanda buibui lake akaondoka, na mwendo wake si wa haraka. Ngoja alikuwa na nafasi ya kumwita mpaka akakata kona. Hakumwita.