Nani Kanyoa Mkia wa Dume la Magesa?

Mwaka ule wa Azimio la Arusha, ukifika Nyasura pale Bunda, hukuuliza ofisi iko wapi. Uliuliza benchi la Machage, muuza kahawa, nyuma ya ghala la pamba. Hapo ndipo nchi ilipoendeshwa, tena kwa vikombe vidogo. Msemaji mkuu alikuwa Mhoja, tuliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Wa pili Makongoro, au Mizani, mpima pamba aliyezoea kupima hata yasiyo na uzito. Wa tatu mimi, Enoka. Asubuhi moja akaja Magesa, na hakuja kunywa kahawa. Alikuja na panga na dume lake jeusi, akalifunga kwenye nguzo, makalio yakitutazama. Lilikuwa dume la mahari. Saa yoyote shangazi wa bibi arusi angefika kutoka Butiama kulikagua, na ukoo wao haupokei ng'ombe mwenye kasoro. Sasa tazama: mkia ulikuwa umenyolewa, umebaki kama kamba ya ndoo.

Nywele za mkia huo zilikuwa mfukoni mwangu, ndani ya kopo la tumbaku.

— Nani kanyoa? Magesa akauliza. Hakupaza sauti. Angepaza ningepata nafuu.

— Kaka Magesa, Redio akadakia, huo ni mkono wa mabeberu. Mreno yuko Msumbiji hapo. Anachukuaga nywele, anapeleka kwao, wanazipima kwa darubini. Wakishajua nguvu za ng'ombe wetu, tumekwisha.

— Mreno atoke Msumbiji aje Nyasura kwa ajili ya mkia? Nani kamwona?

— Mwenda pole hajikwai! Ndiyo maana hamkumsikia.

Mizani akaweka kikombe chini taratibu.

— Mimi napima hivi. Serikali imechukua mabenki. Imechukua viwanda. Labda na mkia ni njia kuu ya uchumi.

— Azimio halijanyoa ng'ombe wa mtu!

— Nimepima tu, ndugu.

— Usipime! Mwanangu Wenceslaus amemngoja Ursula miaka mitatu. Leo wakwe wakiona mkia huu watasema nini? Watasema kwa Magesa kuna mtu anatengeneza usinga wa uganga. Nani atampeleka binti yake kwenye boma la wachawi?

Nikameza kahawa ya moto bila kuipuliza. Mimi si mchawi. Mimi nilikuwa najifunza kufunga inzi wa bandia, chambo cha kuvulia samaki. Mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuja kuhesabu samaki wa Mto Rubana ndiye aliyenianzisha. Unabana ndoano, unapaka uzi nta, unalaza nywele kidogo ziwe mwili wa mdudu, halafu unazungusha unyoya wa shingo ya jogoo usimame kama miguu. Ukimtupa juu ya maji, samaki wa mtoni aitwaye kuyu anadhani ni mdudu kaanguka. Alipoondoka akaniachia ndoano na maneno haya: usiwe na haraka. Mimi nikawa nayo. Kila inzi aliyeniharibikia nilirudi kwa dume lile lililolala njiani, pole kama godoro. Nikakata kidogo. Kidogo tena. Sikujua ni la mahari. Na kuomba ningeombaje? Huku kwetu ukimwambia mtu naomba nywele za mkia wa ng'ombe wako, anakwenda kumwita balozi wa nyumba kumi.

— Nawaambia ubaya wenyewe, Redio akaendelea. Wahenga walisema akili ni nywele. Huyu dume amenyang'anywa akili. Hamuoni anavyotazama?

Tukamtazama. Ng'ombe akacheua.

— Aliyezichukua, Mizani akasema, na sasa alikuwa ananong'ona, akizipunga tu, ng'ombe wote wa Bunda wanatoka mazizini wanamfuata. Na wake zetu nyuma yao.

— Hata wangu? Redio akauliza, kama mtu aliyesikia habari njema.

Hakuna aliyecheka. Magesa alikuwa amelaza panga chini, makali juu.

— Kila mtu aape kwa kuliruka. Aliyenyoa akiruka, panga hili litamtafuta kabla pamba haijachumwa.

Redio akaruka, akiapa kwa marehemu bibi yake. Mizani akapima kwanza, akaruka. Machage akaruka na birika lake, kahawa ikamwagika nusu. Nikabaki mimi.

— Enoka, Magesa akasema. Wewe huwaga wa kwanza kwa kila kitu.

Nikasimama. Kopo likalia mfukoni. Nikainua mguu, ukagomea hewani, wallahi, kama si wangu.

— Hodi hapo.

Mama mmoja mrefu alikuwa amesimama kando ya ghala, mwavuli mkononi, vumbi la Butiama hadi magotini. Hakuna aliyejua amefika lini.

— Karibu, mkwe, Magesa akasema.

Shangazi Nyamburi hakukaa. Alilizunguka dume, akaushika mkia, akautazama. Akatazama panga. Akanitazama mimi, mguu hewani.

— Huyu mbona haruki?

Nikatoa kopo. Nikalifungua juu ya benchi: nywele nyeusi, uzi mwekundu, manyoya ya jogoo, ndoano. Redio akaruka panga mara ya pili, safari hii kwa kurudi nyuma.

— Yesu! Dawa yenyewe!

— Si dawa, shangazi. Ni inzi. Wa kuvulia kuyu. Nilikata mimi, sikujua ni la mahari.

Magesa akainama, akaokota panga. Shangazi akamzuia kwa mwavuli bila hata kumtazama. Akamchukua inzi mmoja, akampuliza. Manyoya yakasimama.

— Umejifunza muda gani?

— Miezi saba.

— Umeshavua wangapi?

Nikamtazama Redio, mjua yote. Nikamtazama Mizani. Nikaitazama kahawa iliyomwagika.

— Wangapi, baba?

— Hata mmoja, shangazi.

Akamrudisha inzi kwenye kopo, polepole, kama anayemlaza mtoto.

— Mkwe, weka panga. Huyu si mchawi. Uchawi wa miezi saba ungekuwa umeshaleta hata samaki mdogo kama furu. Nywele zitaota. Dume nimelipokea.

Benchi likapumua. Magesa peke yake hakupumua. Akafungua kamba, akalivuta dume lake, na aliponifikia akasimama, panga kwapani.

— Enoka.

— Naam, kaka.

— Nirudishie nywele zangu.

— Nyingine zimeshafungwa kwenye ndoano, kaka.

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa.

— Basi nenda kavue. Jumamosi nina wageni sitini wa arusi.